Daktari Alipouliza Popi Kapakwa Nini

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikidhani nimeielewa inanichanganya upya. Imenirudia juzi uliponitumia ule ujumbe wako mrefu, unaniuliza mimi baba yako mkubwa umpeleke wapi mbwa wako. Daktari mmoja anakufuata mpaka mlangoni kwako Terrat kwa bei ya chini. Wa pili ana jengo la vigae na bei ya kutisha. Wa tatu kasifiwa kwenye kundi lenu la simu na watu ambao hata huwajui. Ukamalizia, "Baba mkubwa, nimechanganyikiwa." Pole. Mimi nilichanganyikiwa kabla yako, tena bila simu ya kunichanganya.

Nilikuwa na miaka thelathini hivi, ndiyo kwanza nimekabidhiwa shamba la kahawa na migomba huku mlimani baada ya baba kufariki. Nilikuwa na mdomo, mwanangu. Mdomo mbaya! Baba alikuwa ameacha mbwa, dume jekundu lenye sikio lililochanika, jina lake Popi. Kwangu Popi alikuwa mbwa tu, wa kubwekea wezi wa kahawa na kula makombo. Lakini mama, tangu msiba, haendi popote bila yeye. Macho ya mama yalishaanza kufifia, basi wakienda kanisani Popi anatangulia, akisimama na mama anasimama, anajua hapo pana shimo. Jioni nilikuwa namsikia jikoni akimsimulia yale mambo aliyozoea kumsimulia baba.

Jirani yetu alikuwa Mwalimu Anande, Mchaga wa Machame aliyeolewa huku kwetu Umeruni. Wakati mmoja akamshusha mbwa wake mjini kwa gari, kwenye hospitali ya wanyama kule Elerai. Jumapili yake, baada ya ibada, watu wamesimama nje wanasalimiana, mimi nikapaza sauti nikamuuliza kama mgonjwa kapewa siku ngapi za kupumzika kazi, na kama alikaa kwenye foleni kwa adabu. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikaona nimepata wasikilizaji, nikaongeza kwamba mtu mwenye akili zake hampeleki mbwa kwa daktari, anatafuta mbwa mwingine. Mwalimu alitabasamu, akasema, "Haya, bwana," akaenda zake. Mama hakucheka.

Mwezi haukuisha, Popi akaacha kula. Alikuwa analala tu, mwili wa moto, kupe wamemjaa masikioni, fizi zimepauka. Mama akaniita, akanikalisha kwenye kigoda.

"Popi hayuko sawa," akasema. "Mwaka huu sikuombi kitu kingine. Niponyeshee huyu."

Sasa jambo rahisi lilikuwa kwenda kwa Mwalimu nikamuulize yule daktari wa Elerai anapatikanaje. Kwa desturi ya huku ningekata jani la sale, nimpelekee kumwomba radhi, na mtu akishaletewa sale hawezi kukukatalia msamaha. Nilifika mpaka kwenye ua wake. Nikasimama pale kama niliyesahau njia, halafu nikarudi.

Nikateremka kwenye duka la dawa za mifugo njia panda. Muuzaji tulikuwa tunamwita Daktari, maana huku kila anayeuza dawa ya ng'ombe tunamwita daktari, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kujiita hivyo. Nakuta ndani wamo watu wa usharika wetu, walewale niliowachekesha. Nikaona haya kumtaja mbwa mbele yao. Nikasema, "Nipe dawa ya kupe. Ya ndama." Akaniuliza ndama ana ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa mkono, tena nikazidisha kimo nisije nikashtukiwa. Akanieleza vizuri kabisa namna ya kupima na kuchanganya, kwa ndama. Yule mtu hana kosa hata chembe.

Kesho yake asubuhi mama alikwenda kwenye jumuiya, akamwacha Popi kwa vile hakuweza kutembea. Nikakoroga ile dawa nyuma ya banda. Maji nikayaona mepesi mno, nikaongeza. Nikampaka mwili mzima, masikio, tumbo, kote. Kufika saa tano mate yanamchuruzika, miguu ya nyuma inapepesuka, anatetemeka kama amenyeshewa mvua ya mwezi wa saba.

Jamani! Majirani wakajaa uani. Mmoja akapiga kelele kwamba ni kichaa cha mbwa, asiguswe na mtu. Mwingine akasema wezi wamempa sumu, anyweshwe maziwa. Mwingine, mkaa uliosagwa. Mzee mmoja akauliza panga liko wapi. Mimi nimesimama katikati yao sijui nishike lipi niache lipi. Na hapa ndipo penye ajabu, mwanangu: walipozidi kusema kichaa, kichaa, na mimi nikaanza kuamini ni kichaa. Nilichompaka nakijua, kopo ninalo mfukoni! Lakini watu kumi wakikazana kusema jambo moja, hata unalolijua kwa mikono yako linaanza kukuponyoka. Nikawa najiambia labda dawa haikuingia, labda alikuwa anaumwa kichaa tangu mwanzo.

Mwalimu Anande ndiye aliyetuokoa. Hakuna aliyemwita, alisikia makelele. Akaleta gari, akaagiza Popi afunikwe kwa tenga kubwa la kuku, lifungwe kamba, apakiwe bila mtu kumgusa mdomo. Mama alikuwa amesharudi, akapanda mbele. Mimi nyuma na tenga. Njia nzima Mwalimu hakunikumbusha lolote la ile Jumapili. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Daktari wa kule Elerai alikuwa mama mmoja mfupi, sauti ya chini, mikono tayari ina glavu. Hakukimbilia sindano. Alichuchumaa mbali kidogo na tenga, akamtazama Popi muda mrefu, halafu akaanza kuuliza.

"Amewahi kuchanjwa?"

"Hapana."

"Ameng'ata mtu?"

"Hapana."

"Amepewa dawa yoyote, au kupakwa kitu?"

Mama amekaa kwenye benchi, na Mwalimu pembeni yake. Nikaona ile Jumapili yote imesimama mbele yangu. Nikasema, "Hapana."

Jibu lilitoka lenyewe, nakuambia kweli. Mpaka leo sijui lilitoka wapi.

Daktari akaenda kukaa karibu na mama. Akamweleza polepole kwamba mbwa asiyechanjwa, anayetoka mate na kupepesuka hivi, na hakuna sababu nyingine inayojulikana, lazima achukuliwe kuwa ana kichaa, na kichaa kikishaonekana hakina tiba. Itabidi alazwe usingizi wa moja kwa moja asiteseke. Na sisi sote tuliomshika twende hospitali siku ileile tukachomwe sindano. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Naweza kumuaga?"

Akaruhusiwa, bila kumgusa. Akavuta kiti karibu na tenga, akamsemesha kwa Kimeru. Alimshukuru kwa kumpeleka kanisani. Akamwambia akifika amsalimie baba, amwambie kahawa imechanua vizuri, na mtoto anajitahidi na shamba. Mtoto ndiye mimi. Nimesimama hatua tatu kutoka kwake, kopo liko mfukoni, nasikia kila neno. Daktari anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Bado nimesimama.

Halafu Popi akajaribu kutikisa mkia. Nikasikia sauti yangu inasema, "Daktari, nilimpaka dawa ya kupe. Ya ng'ombe. Leo asubuhi."

Sijawahi kumwona mtu akibadilika haraka vile. Aliweka ile sindano chini, akaninyang'anya kopo nililokuwa nalitoa mfukoni, akasoma. "Saa ngapi? Ulichanganya kiasi gani? Alilamba?" Nikajibu yote. Aibu ilikuwa imenivaa mpaka masikio yanawaka, lakini nilijibu. Wakamtoa kwenye tenga kwa tahadhari, wakamwosha kwa sabuni na maji mengi, wakamchoma dawa nyingine kabisa. Akatuambia hawezi kutuahidi kitu, na bado atamtenga siku kumi amwangalie, kwa kuwa chanjo hana.

Kisha akaniita mezani. Nikajua sasa ndiyo ninauza ng'ombe. Akasema, "Kabla sijaendelea, nikuambie gharama. Na wewe niambie una uwezo gani, usione haya, ili nijue tuanze na lipi." Akanitajia kimoja kimoja. Hiki cha leo, hakingoji. Hiki kinaweza kusubiri wiki mbili. Hiki ukikosa hela tukiache, hakitamuua. Haikuwa hela ndogo, mwanangu, lakini ilikuwa hela yenye mwisho. Ile niliyokuwa naiogopa haikuwa na mwisho kwa sababu sikuwahi kuiuliza.

Popi alipona. Ikajulikana kumbe alikuwa na homa ya kupe tu, iliyotibika kwa vidonge, akachanjwa, akaishi miaka mingine mingi mbele ya mama. Ungedhani hadithi imeisha vizuri.

Lakini siku ile tulipokuwa tunarudi, Mwalimu ametushusha barabarani, nimemshika mama mkono kwa kuwa hana wa kumtangulia, akasimama. Hakuwa na hasira, ningejua la kufanya na hasira yake. Alikuwa anashangaa kwelikweli, kama mtu anayemuuliza mgeni. "Nilikuwa namuaga," akasema, "na wewe unasikia. Ulikuwa unangoja nini?"

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, hakuniuliza tena, na sikuwahi kumjibu. Nikiwa peke yangu shambani bado najaribu. Nilikuwa nangoja nini? Watu waliocheka hawakuwepo. Mwalimu alishanisamehe bila hata jani. Sijui. Na kinachonitisha ni kwamba, Popi asingetikisa mkia, sijui kama ningesema.

Kwa hiyo mwanangu, usinilazimishe nikuchagulie kati ya hao watatu, nitakudanganya. Nenda ukawaone mwenyewe wakati mbwa wako bado mzima, usingoje siku ya kuchanganyikiwa. Muulize kila mmoja cheti chake cha udaktari kiko wapi, aliye nacho hatanuna. Muulize chanjo ni kiasi gani, na mbwa akiumwa ghafla usiku au Jumapili itakuwaje. Anayekasirika ukimuuliza bei, mwache huyo na vigae vyake. Anayekuja mlangoni na sindano imeshajaa kabla hajauliza lolote, mwache na urahisi wake. Mimi tangu siku ile, kila mwezi kuna mkungu mmoja wa ndizi nauza kwa ajili ya mbwa tu, hela yake haiguswi hata kwa sukari. Wewe huna migomba, una mshahara, basi kata kidogo ukae nacho. Chanjo usiiruke hata mwaka mmoja.

Ila hayo yote ni mepesi. Zito ni hili: hata umpate daktari bora kuliko wote Arusha, atatibu kile utakachomwambia. Akikuuliza umempa nini mnyama wako, sema. Sema hata kama ulikosea, hata kama mama mkwe wako yuko kwenye benchi, hata kama jana uliwacheka wanaokaa pale. Mnyama hawezi kujisemea, wewe ndiye mdomo wake.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akubariki wewe na nyumba yako, na hela ya mbwa isikuvunje. Na siku utakayoulizwa ukweli, akufungulie kinywa mapema kuliko alivyonifungulia mimi.