Meno ya Binti wa Nyota

Mpaka leo nikisikia harufu ya moshi wa jenereta, mate hunijaa mdomoni, maana kwangu harufu ile ni karanga za kukaanga na video. Baba mdogo alikuwa na banda la video pale Kibiti, miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kumiminika madukani na kila mwenye televisheni akajiona tajiri. Banda lenyewe lilizungushiwa makuti na magunia. Sisi watoto wa nyumbani tulikaa mbele kabisa, kwenye mkeka, shingo zikituuma.

Siku moja alirudi kutoka Kariakoo na gunia la kanda. Ilikuwa tamthilia nzima ya watu wanaoishi ndani ya chombo kinachoelea kati ya nyota, ila karatasi za namba zilikuwa zimebanduka zote. Hatukujua ipi inatangulia ipi. Kiingereza chao kilikuwa cha puani, na baba mdogo, aliyejitia mkalimani, alikuwa anabuni tu. Aliyekufa jana, leo tulimkuta anakunywa chai, na wateja wakaanza kunung'unika kwamba wanaoneshwa mashetani.

Kazi ya kuzipanga ikatuangukia mimi na binamu yangu Zuhura. Tuliangalia mambo yasiyohitaji lugha: ndevu za nahodha zilivyorefuka, mlango uliobabuka kwa moto, shati lililochanika kisha likashonwa. Kila kanda tuliibandika plasta na kuiandika namba. Raha yake siwezi kuwaeleza.

Tulikwama kwenye kanda mbili. Mle chomboni mlikuwa na binti wa umri wetu. Katika kanda moja mama yake anapanda chombo kidogo na kumwacha analia. Katika nyingine wamekumbatiana, wanacheka, mahali penye maji mengi na miti iliyosimama majini. Zuhura alisema ya kucheka ndiyo ya mwanzo, kwani watu hukaa pamoja kwanza, ndipo wakaachana. Nilimkatalia mpaka sauti ikanikauka.

Nanyi mjue kwa nini. Mama yangu alikuwa ameachika, akarudi kwao Mbuchi, huko kwenye mikoko na mashamba ya mpunga, nami nikabaki kwa bibi mzaa baba. Wauza kamba wakavu walipokuja mnadani waliniletea salamu zake kwamba likizo niende. Sikwenda. Nilikuwa nimemkasirikia, nilitaka arudi yeye, kwa kuwa aliyeondoka ni yeye. Bibi alinieleza kwa upole kwamba mwanamke aliyeachwa haji kupiga hodi kwa watu, hata kama mwanawe yumo ndani. Sikutaka kusikia. Na kama ile kanda ya kucheka ilikuwa ya mwanzo, basi aliyeondoka ameondoka.

Nikaomba turudie zote mbili, nikasogea karibu na kioo. Binti anayelia alikuwa na pengo mbele. Binti anayecheka, pale pale penye pengo, alikuwa na meno mawili mapya, makubwa kuliko mdomo wake. Zuhura alitazama kwa muda mrefu huku akipapasa fizi zake mwenyewe.

"Haya," akasema. "Kamfuata mamaake."

Jioni ile ile nilimwambia bibi nataka kwenda Mbuchi. Alinifungia nguo kwenye kanga na kunikabidhi kwa wauza kamba. Mama nilimkuta shambani, matope mpaka magotini, akabaki ameshika mundu kama aliyesahau kazi yake. Nyumbani alifungua sanduku. Kila Idi tangu aondoke alikuwa amenishonea gauni, akikadiria tu nimefika wapi, na yote yalikuwa mle, moja juu ya jingine. Nililia juu ya yale madogo. La juu kabisa lilinienea.

Mwaka jana mwanangu alinitafutia tamthilia ile kwenye kompyuta, yote, kwa mpangilio wake. Sasa Kiingereza nakielewa. Kanda ya kucheka ilitengenezwa baadaye, mchezaji ameshaota meno, lakini inasimulia siku za kabla mama hajaondoka. Mama wa yule binti hakuonekana tena. Zuhura alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Nilicheka, kisha nikaogopa. Niliona kwamba ningejua lugha ile utotoni, ningebaki Kibiti namsubiri mama aje, naye Mbuchi anashona magauni ananisubiri mimi, na kila mmoja angemwona mwenzake ndiye asiyetaka. Nilimpigia Zuhura simu kumwambia ameshinda, naye akafurahi kupita kiasi.

Mama, ambaye siku hizi anaishi nami, alikuwa ameketi pembeni anachambua mchele. Aliniuliza kinachotuchekesha, nikamweleza yote, na meno, na kanda, na jinsi tulivyokosea. Alipuliza makapi, akatazama kompyuta kwa dharau kidogo.

"Waliokosea ni hao waliotengeneza," akasema. "Wewe mbona ulikuja?"