Msomaji wa Meja

Zulaika aliuza dagaa Busia, upande wa Uganda, na kibandani alificha barua tatu za mumewe ambazo hazijasomwa. Faruku alikuwa dereva wa lori. Wanajeshi walipolipenda lori lake kuliko alivyolipenda yeye, aliwaachia akakimbilia Mombasa, maana serikali yetu ya miaka ile ilikuwa na ukarimu wa ajabu: ikichukua mali, haikupenda mwenyewe abaki mpweke.

Barua ya kwanza kabisa aliipeleka kwa Muzafaru, mwandishi wa barua aliyekaa nje ya posta. Kusoma anajua, lakini hana kifua huyo! Kabla ya adhuhuri soko zima lilijua Faruku yuko wapi, na kesho yake wanajeshi wawili wakaja kuulizia hali ya "shemeji". Zulaika akaapa kwamba barua ya mumewe ataisoma mwenyewe.

Akajiunga na darasa la watu wazima la Mwalimu Okanya, mtu wa kijiji cha Kiyeyi. Vitabu, chaki, hata ubao vililetwa na Shirika la Utamaduni la Dunia. Mwaka mzima alipambana na a-e-i-o-u, vidole vinanuka dagaa, mpaka herufi za kitabuni zikamtii. Lakini Faruku aliandika mwandiko wa kuunganisha, herufi zimeng'ang'aniana kama uzi uliochezewa na paka.

"Huo tunauanza mwezi ujao, Mama Jamiru," mwalimu akamwahidi Zulaika. "Wiki sita tu, utausoma."

Lakini Meja, mkuu wa wanajeshi wa pale Busia, akawahi. Aliitisha baraza ili wananchi waamue kwa hiari yao kama nchi ijitoe katika Shirika hilo. Hiari yenyewe ililetwa kutoka vijiji vya Molo na Sop Sop kwa malori ya jeshi. Kosa la Shirika lilikuwa zito: liliandika kuuliza waandishi na walimu wetu wamepotelea wapi. Utovu wa adabu ulioje, kumuuliza mtu swali ambalo jibu analo!

"Hiyo Shirika nadharau sisi!" Meja akanguruma. "Tubaki ama tutoke?"

"Tutoke!"

Penye wengi pana Mungu, hasa wengi hao wakizungukwa na bunduki.

Azimio la wananchi lilikuwa limeshapigwa taipu tangu juzi. Meja akataka mtu wa kawaida alisome. Na hapo, ole wake, Zulaika akanyoosha mkono! Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani ana uchu jamani, husoma hata kibao cha kukataza watu wasikojoe. Akapanda jukwaani, akaanza: "Si-si wa-na-nchi wa Bu-si-a..." Wanawake wa soko wakapiga vigelegele. Katikati ya karatasi ndipo akaelewa anachokisoma: vitabu vya Shirika vikusanywe, madarasa yake yafungwe. Akatazama bunduki, akaendelea mpaka nukta ya mwisho.

"Mnaona?" Meja akamshika bega. "Mama ya samaki nasoma! Shirika ya nini tena?"

Makofi hayo! Zulaika akashuka na kilemba chake cha ukoka. Kesho yake darasa lilikuwa na kufuli, na Mwalimu Okanya, ambaye hakungoja kuulizwa lolote, alikuwa amevuka mpaka alfajiri.

Wiki iliyofuata barua ya tano ikaja, maneno matatu yamepigiwa mstari mara mbili. Ni ugonjwa? Ni kuitwa? Ni mke mwingine? Zulaika hakula siku nzima. Jioni akameza kiapo chake, akaenda posta.

Muzafaru alipomwona akasimama, yeye ambaye hajawahi kusimama kwa ajili ya muuza dagaa.

"Nisomee, baba. Nakuomba."

"Mimi?" Muzafaru akarudisha mikono nyuma. "Mama Jamiru, kwani nimekosa nini? Dunia nzima ilikusikia ukimsomea Meja. Leo hujui kusoma?"

"Huu mwandiko wa kuunganisha sijaufikia. Wallahi, sijaufikia!"

"Usinitege kwa ajili ya Meja, mama. Nina watoto."

Akabeba kimeza chake, akaondoka karibu mbio. Zulaika akabaki nje ya posta na barua yake wazi mkononi, akilia bila kujificha. Wapita njia wakamsalimia kwa heshima kubwa, wakapitia upande wa pili wa barabara.