Ishirini na Tisa Haigawanyiki

Majani ya mukaratusi yakilowa mvua yana harufu kali, kama dawa ya kifua. Wengine wanaipenda. Mimi ikinifikia puani tu, bega langu linainama lenyewe, kama mtu anayesukumwa nje ya mstari.

Shule yetu ya Nyamitaba ilikuwa chini ya mikaratusi hiyo. Nilisoma kidogo sana, kwa hiyo nikipotea njia humu mtanisamehe. Ng'ombe wa kwetu nao wanapotea na wanarudi. Mwalimu wetu, mwembamba, vifungo vya shati vimefungwa mpaka shingoni, alikuwa na shamba la maharagi nyuma ya shule, na kila Alhamisi tulimlimia. Hiyo njo salongo, kazi ya lazima isiyo na malipo. Kila mstari wa watoto ulipewa kipande chake, na mistari ilipaswa kuwa sawa, maana mzazi wa kwetu akisikia mtoto wake kalima zaidi ya wa jirani, anakuja na fimbo. Tulikuwa thelathini. Thelathini ni namba ya upole: mbili inakubali, tatu inakubali, tano, sita, kumi. Mwalimu alikuwa anatupanga huku anaimba.

Halafu mtoto mmoja akahamia Pinga na baba yake, juu ya pikipiki, kuku wawili wananing'inia kwenye usukani. Sisi tulimwonea wivu wa pikipiki tu. Kesho yake Mwalimu akatupanga wawili wawili, akabaki mmoja. Watatu watatu, wakabaki wawili. Wanne wanne, mmoja. Watano, wakabaki wanne. Sita sita, wakabaki watano! Jasho likamtoka.

"Kuna muntu hapa anaharibu hesabu," akasema.

Mimi nilikuwa mkiani, kwa sababu kwetu ni juu kilimani na nilikuwa nafika wa mwisho. Wenzangu wakanisukuma kwa viwiko.

"Ni huyu, Mwalimu! Furaha njo resti!"

Resti ndivyo tulivyoita kile kinachobaki ukimaliza kugawanya. Mwalimu akacheka mpaka akakohoa, akaninyooshea kidole njia ya nyumbani. "Kesho usirudi." Wale ishirini na nane wakajipanga saba saba, bila mkia, na nilipokuwa napanda kilima nikawasikia wanaimba: "Resti aende kuchunga mbuzi!"

Mama akaenda kumwomba, na kuku mkononi. Kuku alipokelewa.

"Mama Furaha, mimi sina ubaya na mutoto wako. Leta mwengine mumoja, wakuwe thelathini."

Mama alirudi anacheka. Nyumbani kulikuwa na mdogo wangu Bahati, ambaye hata kamasi hakujua kujipangusa. Akamwogesha, akamkatia suruali ya Papa, tukashuka watatu.

Lakini asubuhi hiyohiyo msichana mmoja alikuwa amechukuliwa na mjomba wake, akampikie kule Omate kwenye machimbo. Mwalimu akahesabu vichwa, akatuongeza mimi na Bahati, akapiga mluzi.

"Ishirini na tisa tena! Mama, chagula mumoja."

"Mwalimu, bote iko batoto yangu."

"Ao chagula, ao urudi nabo bote. Ishirini na saba haina shida, mistari tatu ya tisa."

Watoto wengine walikuwa wanatabasamu. Mama akatutazama, mimi kisha Bahati, macho chini. Akamsukuma Bahati mbele. Mimi akanishika mkono, tukaondoka, na nyuma yetu Mwalimu akaanza kuimba.

Juzi mjukuu wangu alinieleza kwamba ziko namba zisizokubali kugawanywa ila kwa moja na kwa zenyewe. Wanaziita *nombre premier*, na ishirini na tisa ni mojawapo. "Koko, hizo njo namba za maana sana!" Nikamuuliza, basi mimi sikuwa na kosa? Akacheka, akadhani namtania.

Miaka mingi niliamini Mama alimpenda Bahati kuliko mimi. Nilimchukia kwa hilo hata alipozeeka na mimi ndiye niliyemlisha uji. Mpaka nilipopata watoto wangu, na shamba langu la kulima, ndipo nikaelewa. Mapenzi hayakuwemo. Ulikuwa msimu wa kupanda, na Bahati hakuwa na nguvu ya kuinua jembe. Yale macho ya Mama ya chini nilidhani ni aibu. Alikuwa anatazama mikono yetu.