Mlio wa Nakijwa

Enzi zetu mtoto hakuulizwa kama anapenda muziki. Ulipewa kipande cha mwanzi, ukaambiwa nenda kalinde mahindi. Wenzangu mliokulia huku juu Upareni mnajua ninachosema. Nyani wakiona shamba limenyamaza wanashuka, na wakishashuka mwaka mzima mnalala na njaa. Kwa hiyo kila mtoto alikaa kwenye mwinuko wake na filimbi yake, anapuliza tangu umande haujakauka mpaka jua linazama. Tulianza kwa kufukuza nyani, tukaishia kuipenda filimbi yenyewe. Hata Jumapili tukitoka kanisani tulikaa nyuma ya nyumba tukishindana kupuliza, mpaka baba anasema hata ng'ombe wameacha kula kwa ajili yetu.

Mimi sikusoma sana, darasa la nne na baada ya hapo jembe. Lakini filimbi naijua. Mwanzi unaukata korongoni, ule uliokomaa. Unauweka darini juu ya meko unywe moshi mpaka ukauke, ndipo unatoboa matundu kwa msumari wa moto. Ile harufu ya mwanzi unaoungua, na chini yake chungu cha makande kinachemka, ndiyo nyumba ya mama yangu mpaka leo nikifumba macho.

Kila mtoto alikuwa na mlio wake. Hukuchukua wa mwenzio. Ukungu ukishuka, mama alitoka uani akaita, na kila mmoja huko aliko akajibu kwa mlio wake, mama akajua watoto wapo. Wa kaka yangu Mbonea ulikuwa mzito, kama mzee anayekohoa. Wa dada yangu Nakijwa ulipanda haraka, ukasita, ukashuka, kama kuku anayetangaza yai. Tulimcheka sana kwa huo mlio.

"Chekeni tu," alikuwa anasema. "Nyani wananijua mimi, ninyi hawawajui."

Mimi sikuwa na mlio bado. Nilikuwa mdogo, wa kubaki na mama.

Ila watoto ni watoto. Mmoja akitaka kuchepuka akaogelee au akatafute matunda ya porini, mwenzake alimpulizia mlio wake ili nyumbani wasijue. Watoto wa kijiji kizima walifanya hivyo, na wazazi nadhani walijua wakanyamaza, maana nao walikuwa watoto.

Mwaka mmoja masika yalikuwa mabaya. Filimbi ya Nakijwa ikapata ufa, ikawa inakwaruza. Akaniahidi kwamba akitengeneza mpya, ile ya zamani atanipa mimi. Siku moja mchana akamwambia Mbonea anashuka korongoni kukata mwanzi. Akaichukua ile mbovu iwe kipimo cha matundu. Akasema mama akiita, nipulizie. Haya Mbonea aliyasema baadaye.

Ukungu ukashuka. Mama akatoka uani, akaita. Mbonea akajibu kwa mlio wake, akakaa kidogo, akapuliza wa Nakijwa. Mama akageuka kurudi jikoni. Mimi nilikuwa kizingitini nachambua maharage. Nikausikia tena ule mlio, mbali, chini, unakwaruza. Nikamwambia mama kwamba dada amepuliza mara mbili.

"Ni mlima unarudisha," mama alisema, akainamia chungu chake.

Na kweli milima yetu inarudisha. Ukiita huku unajibiwa ng'ambo. Mbonea naye kule shambani aliusikia, akadhani hivyo hivyo. Akapuliza tena mlio wa Nakijwa, kwa mchezo, aone kama mlima utajibu. Ukajibu.

Jioni Mbonea alirudi peke yake. Alisimama mlangoni, baba akamshika bega, ndipo akasema Nakijwa alishuka korongoni. Wanaume wakashuka na mienge, mvua na ukungu vikawarudisha. Walimpata Nakijwa asubuhi. Alikuwa ameteleza kwenye mwamba akavunjika nyonga, amelala nusu yake kwenye maji, filimbi mkononi. Mzee mmoja jirani yetu alimgusa akasema mwili bado haujakakamaa, roho imetoka alfajiri hii. Baba akamwambia anyamaze. Mama, aliyekuwa amewafuata nyuma, alikuwa ameshasikia.

Filimbi ile baba aliiweka kaburini. Zilizobaki mama alizitia motoni, akapika kwa moto huo huo. Mbonea hakuchapwa. Wakati ule ukivunja kibuyu tu ulichapwa, lakini yeye hakuguswa wala hakuambiwa neno, na mimi naona hilo ndilo lililommaliza. Mama naye tangu hapo, mlima ukirudisha chochote, hata mbwa akibweka, aliacha kazi akatoka nje kusimama. Alizeeka hivyo.

Mbonea alipokuwa mtu mzima alishuka bondeni, kijiji cha Bendera, akalima huko. Nilimuuliza kwa nini hapandi kwetu hata Krismasi. Alisema huko chini ni tambarare, mtu akiita sauti inakwenda zake, hairudi. Tulimzika huko huko mwaka juzi. Kwa hiyo mlio wa Nakijwa sasa naujua mimi tu.

Mjukuu wangu Neema anakuja likizo kutoka Same, vidude masikioni kutwa nzima, unamwita mpaka makande yanapoa. Wenzake ukiwapigia simu wanakuambia, "Shikamoo bibi, niko njiani," kumbe hata kitanda hawajakiacha. Nilipomsimulia haya aliondoa vidude vyake, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniomba niupulize ule mlio aurekodi kwenye simu, usipotee nikifa. Akasema atauweka uwe unalia akipigiwa.

Nikamwambia, "Mlio ule maana yake ni 'nipo'. Ulishapulizwa na asiye mwenyewe, yakatukuta. Nikifa utaondoka na mimi."

Akairudisha simu mfukoni. Ni mtoto mwenye akili.

Nikikaa peke yangu nazikumbuka zile asubuhi, filimbi zinajibizana mwinuko kwa mwinuko, na mama chini anahesabu watoto wake kwa sikio. Siku hizi milima imekaa kimya. Kila mtu ana muziki wake masikioni na hakuna anayemsikia mwenzake. Ningewasema sana vijana kwa hizo simu na uongo wao wa niko njiani, ila uongo huo sisi tuliujua kabla yao, tena kwa mwanzi.

Kwa hiyo ukungu ukishuka na Neema yuko mtoni, sipigi simu wala siiti. Nachukua fimbo yangu nashuka polepole mpaka nimwone kwa macho. Ananicheka, bibi na magoti yako hayo. Acha acheke, mradi namwona.