Unga wa Bibi Yangu

Mlio ule ninao masikioni hadi leo, mwanangu. Nakumbuka alasiri moja ya Jumapili, kanisani kwetu Mbozi, mzungu mmoja mzee aliiweka fidla kubwa kati ya magoti yake, akavuta upinde, ikatoka sauti nzito, ya chini, kama jiwe la kusagia linapoteleza juu ya ulezi. Linakwenda, linarudi. Nilifumba macho. Niliona kama ninasagwa mimi mwenyewe, na wala siumii.

Nakueleza haya kwa sababu jana nilikuona. Yule mama wa Nanyala alipoitikia wimbo wa kwaya kabla ya wakati wake, uliangua kicheko, ukamkonyeza mwenzako. Nimekasirika tangu hapo, sikufichi. Ila hasira hii ni ya zamani kuliko wewe, basi kaa usikie ilikozaliwa.

Enzi za Mwingereza nilikuwa binti wa darasa la nne, mwingi wa kucheka na mwingi wa ndoto. Jumapili moja kila mwezi kanisa liliwaalika wazungu watatu wapige fidla, na baada ya ibada tangazo lilisomwa: njooni wote, ni bure. Mwalimu wetu wa kike, ambaye naye alikuwa mmoja wa wapigaji, alisema atachagua msichana mmoja mtulivu amfundishe. Mimi nilikuwa nimeshajichagua. Jikoni nilibana mwiko chini ya kidevu nikavuta kijiti juu yake kama upinde, mpaka ugali ukaungua.

Bibi yangu, aliyenilea, alitembea kwa miguu kutoka nyumbani kwetu Ihanda kuja kusikia. Kichwani alijitwika kikapu cha unga wa ulezi aliousaga kwa mikono yake. Kwetu huendi kuimbiwa ukarudi hivihivi. Mkono mtupu haulambwi, na aliyekufurahisha humwachi na njaa. Hilo neno "bure" bibi hakulielewa, wala hakuona sababu ya kulielewa.

Sasa, muziki ule una desturi yake. Wanapiga sehemu moja, wananyamaza kidogo, wanaendelea, na msikilizaji hatakiwi kutoa sauti mpaka sehemu zote ziishe. Sisi wasichana wa shule, tuliokaa benchi la mbele, tulifundishwa hivyo na mzee wa kanisa, Mzee Mwashitete. Kina mama waliokaa nyuma kwenye mikeka hawakuambiwa na mtu. Kwa hiyo fidla kubwa ilipotulia, bibi, aliyekuwa amesikia jiwe lake la kusagia likiimba mbele ya watu, alisimama, akapiga kigelegele, akaja mbele na kikapu chake.

Mzee Mwashitete alimshika mkono kabla hajafika.

"Mama, hapa si kwenye pombe. Toka na unga wako."

"Nimefurahi, baba," bibi alimjibu kwa upole. "Mtu akifurahi anyamaze kama aliyefiwa?"

Watu wa mabenchi wakacheka. Mzee akaona bibi ananitazama mimi, akanigeukia akaniuliza huyu ni nani wangu. Mwalimu naye alikuwa ananitazama, upinde mkononi.

Nikasema, "Ni jirani yetu."

Bibi akajitwika kikapu chake, akatoka.

Mwanangu, mpaka leo damu inanichemka. Mzee yule alikuwa wa kwetu, amekuzwa kwa uji wa ulezi, na mama yake aliinamia jiwe lilelile. Wazungu hawakuwa wameudhika hata kidogo. Yule wa fidla kubwa alikuwa ameshaanza kuinuka apokee. Ni wa kwetu aliyeona haya kwa niaba yao. Kikulacho ki nguoni mwako. Halafu wanasema bure! Bibi yangu aliingia na unga akatoka na aibu. Ni bure ya namna gani hiyo? Na mimi, niliyekuwa na neno moja tu la kumwokoa, nililimeza.

Jioni nilirudi nyumbani nimepanga maneno ya kujitetea. Bibi alikuwa amepika. Alinisogezea chakula, akanikaribisha kwa heshima zote.

"Karibu, mtoto wa jirani. Kula ushibe, wenyewe wasije wakasema hatukukupa."

Nimekemewa na wengi maishani, lakini sijapata kukemewa kama vile.

Basi shika hili. Mtu akikosea desturi ya mahali alipoingia kwa moyo mweupe, usimcheke, msogelee umwonyeshe. Na ukiulizwa mbele ya wakubwa huyu ni nani wako, jibu upesi, maana kusitasita nako ni kumkana. Benchi la mbele lina faida gani, ikiwa aliyekulea yuko nje ya mlango? Kesho uende Nanyala ukamwombe radhi yule mama, na akikupa chakula, ule. Mungu akupe masikio ya kusikia watu kabla ya kusikia ala, akupe ulimi usiowaruka wa kwenu, na nyumba yako isikose unga, wala mtu wa kumpelekea.

Bibi hakwenda tena kwenye muziki ule. Alisema jiwe lake linamtosha. Fidla nami sikufundishwa hata siku moja, na utaona kwa nini.

Mwezi uliofuata nilikwenda nimejitwika kikapu kilekile, bila kutumwa na mtu. Nilikaa benchi la mbele mpaka fidla kubwa iliponyamaza, kile kimya ambamo hata kukohoa tulikatazwa. Nikasimama. Mzee Mwashitete aliniita jina langu, mara ya kwanza kwa kunong'ona, mara ya pili si kwa kunong'ona. Nikampita. Nikapiga goti, nikakiweka kikapu miguuni pa yule mzungu wa fidla kubwa, nikasema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye mikeka:

"Unga huu ni wa bibi yangu."