Hatua Arobaini Mpaka Mlangoni

Siku hizi hapa kijijini Kilvarra kila mtu ana ruhusa ya kuingia kanisa lolote na haingii hata moja, lakini zamani sisi Wakatoliki tulijaza letu mpaka nje, na kukanyaga kizingiti cha Waprotestanti ilikuwa dhambi.

Wilfred Tackaberry alikuwa Mprotestanti. Alishona matandiko ya farasi, na kila Jumamosi, kwa miaka thelathini, alipanda mnara wa kanisa lao kuitia ufunguo saa kubwa ya huko juu. Kijiji kizima kiliishi kwa saa hiyo; hata padri wetu aliitazama kabla ya misa. Baba yangu alipofariki, Wilfred aliingia kanisani kwetu bila kusita, akaketi safu ya pili, kofia magotini, kisha akasaidia kubeba jeneza.

Naye akafa, Novemba 1957. Desturi ilikuwa majirani tumbebe barabarani, kisha kwenye geti la kanisa lao tuwaachie watu wake.

"Mzee mzito leo," jirani yangu Jarlath alininong'oneza njiani. "Nadhani anaondoka na saa yake."

Mjane, Bibi Hester, alimsikia, akacheka huku analia.

Getini tuliweka jeneza chini. Ndani walisubiri wanaume watatu tu, mmoja wao akichechemea.

"Malachy," Bibi Hester akaniambia, "ni hatua arobaini tu mpaka mlangoni. Shika pembe moja, mwanangu."

Jarlath akanivuta koti. "Wewe! Jumapili padri atakutaja mbele ya watu. Mama yako ataficha wapi uso?"

Nilivua kofia, nikatazama viatu vyangu.

"Mwache, Mama," akasema binti yao, Olive. "Nitabeba mimi."

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Jeneza lilikwenda limeinama upande wake. Sisi tulibaki nje ya ukuta mvuani, tukisali rozari kwa sauti kubwa. Geti lilikuwa wazi muda wote.

Saa ilisimama wiki ileile. Miaka mingi baadaye katazo la kuingia kwao lilifutwa kwa tangazo la dakika mbili, na kanisa lao, kwa kukosa waumini, likaezuliwa paa. Nimesoma vitabu vingi nikitafuta wa kumlaumu. Kila mara narudi kwenye viatu vile.

Machi iliyofuata mazishi yale, mama na binti walihama. Gari lilipita mbele ya nyumba yangu nikiwa nimesimama nje. Olive alitazama mbele. Bibi Hester alishusha kioo, akapunga mkono.

"Kwaheri, Malachy! Msalimie mama!"

Sikuwa nimeshika kitu. Mikono yote miwili ilikuwa mitupu, na sikuinua hata mmoja.