Nesi aliandika "mbili" siku mbili mfululizo na mama yangu anauma kanga

Wakuu, salaam. Haya sikuhadithiwa, yamenikuta mwenyewe, na mengine yananitia aibu.

Mama alifanyiwa operesheni ya mawe kwenye nyongo, hospitali moja hapa Unguja. Mimi binti yake wa mwisho, nafanya kazi hotelini Kendwa, nikaomba ruhusa nikamuuguze.

Manesi wakipita kupima, jamaa tunatolewa nje. Siku ya pili nikachungulia ile chati. Maumivu, sifuri mpaka kumi: mbili. Mbili. Mbili tena.

Mbili gani, na mtu jasho linamtoka, anauma ncha ya kanga asitoe sauti?

Nikaona hapa kuna mchezo. Nesi haulizi, anajijazia tu, na sindano za maumivu zinakwenda kusikojulikana. Nikapiga picha chati, nikairusha group la familia. Moto ukawaka huko.

Nikamuuliza mama kama wanamuuliza. "Wananiuliza, mwanangu. Sijambo." Nikajua ameshatishwa. (Nichekeni tu.)

Siku ya tatu nikagoma kutoka. Nesi, mama wa makamo, hakubishana.

"Bi Zuwena, leo ngapi?"

"Mbili. Alhamdulillahi."

Kumbe namba alikuwa anaitoa mwenyewe.

Nesi akamtazama lile jasho, akaweka kalamu chini. "Umezaa wangapi?"

"Sita."

"Maumivu haya yanalingana na uchungu wa mtoto yupi?"

Mama akanioneshea kidevu. "Wa huyu."

Wakuu, kwetu kila mtu anajua, uzazi wangu mimi mama alishasomewa Yasini, kama mtu anayekata roho.

Nesi hakuandika kitu, alikwenda mbio kumwita daktari. Mama akarudishwa chumba cha upasuaji. Nyongo ilikuwa inavujia ndani ya tumbo.

Alipopata nafuu nikamuuliza kwa nini alificha. "Mwenyezi Mungu kanipa uzima miaka sabini, leo nimwandikishie kumi kwa siku tatu?"

Funzo: wazee wetu ukiwauliza hali, wanakujibu shukrani. Namba yao usiiamini, watazame uso.

Nesi nilimwomba radhi, nikamweleza na ile picha. Hakukasirika. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Siku mbili unamwona mama yako anauma kanga. Mbona ulipiga picha, hukuniita?"



Waliouguza wazee wa namna hii, nyinyi mlijuaje? Nawasoma hapa, hata wa kunisema aniseme.